Moshi wa Nyar Kuria

Lambwe, Homa Bay
28 Septemba 2025

Mama Valary, mkazamwana wangu,

Nakusalimu wewe na mtoto, na wazazi wako wote huko Kegonga. Kifua cha Valary kinaendeleaje? Mimi ni mzima, ila goti langu la kushoto ndilo linaloamua siku hizi kama nitafika kanisani au nitasali nikiwa kitandani. Mellen amepita hapa akitoka ziwani na magunia yake ya omena, akasema keshokutwa atakuwa soko la kwenu. Nikamwambia angoje niandike. Simu sitaki. Mara ile tulipoongea tulilia tu sote wawili, mpaka ikakatika hatujasema neno.

Kesho ni mwezi mmoja tangu tumzike Austine. Wewe uliondoka siku ya kumi na mbili, alfajiri, mtoto mgongoni, hata hukuniaga. Majirani wananiuliza huyu ni mjane gani anayetoka nyumbani kabla viti vya matanga havijarudishwa. Nawaambia mtoto alikuwa anakohoa kwa huu moshi wa bonde, umempeleka akapumue. Wananitazama tu. Wanajua kwamba mwezi huu Kegonga nzima inakausha tumbaku, na moshi wa kwenu si haba.

Hapa anga bado ni kijivu. Jua linachomoza jekundu, unalitazama bila hata kukunja uso, na milima ya Gwassi hatujaiona wiki ya pili sasa. Chifu aliita baraza tujue moshi unatoka wapi. Ungekuwepo ungecheka. Wavuvi wa Remba walisema ni miwa inayochomwa Migori. Mwenye miwa mmoja akasema ni nyasi za mbuga ya Ruma. Askari wa mbuga akasema ni sisi wakulima tunaochoma mashamba. Sisi tukasema kwa sauti moja kwamba ni Wakuria na tumbaku yao. Hakuna aliyesimama kusema, "Huu ni wangu."

Kuna jambo sijamwambia mchungaji. Pale korongoni, kwenye kisiki cha mgunga, pale tulipomkuta, moshi bado unatoka. Ni kamoshi kembamba, kanaanza saa sita mchana upepo wa ziwa ukianza. Moto haupo. Wiki ya sita hii. Shemeji yako Levis ameuona, na sasa hapiti tena njia ile. Mimi huenda nikakaa pale. Nikikaa nahisi kama kuna mtu ananiandalia la kuniambia.

Nyumba yako nimeifunga mlango kwa kamba ili mbuzi wasiingie. Jikoni kwako hakuna moshi. Unakumbuka Austine alivyokuwa akikutania? Kwamba Nyar Kuria, binti huyu wa Wakuria, hajui kungoja kuni zikauke, anawasha mbichi, na moshi wake mweupe unatokea mlangoni badala ya kwenye paa, hivyo yeye akiwa hata ng'ambo ya bonde anajua yuko karibu kula. Rudi nyumbani, binti yangu.

Mama yako,
Teresa


Kegonga, Migori
12 Oktoba 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Valary, anayemwambia kila mtu hapa kwamba Dani, nyanya yake, ana ng'ombe mwenye pembe moja. Kifua chake ni afadhali. Pole kwa goti. Paka mafuta yale ya kijani uliyonipakia mimi mgongoni nilipojifungua.

Omena zimefika, asante. Baba yangu, mzee Nyamhanga, hali omena tangu azaliwe, lakini zako alikula akasema hizi si mbaya sana. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Sikukuaga kwa sababu ningekuaga nisingeondoka. Huku Baba amenipa kazi ya kuangalia moto wa banda la tumbaku mchana. Ni banda la udongo, majani yananing'inia ndani, na moto unakaa kwenye tundu chini, siku sita bila kuzimika. Ukizimika majani yanaharibika, ukizidi yanaungua na banda zima linakwenda. Nakaa mbele ya tundu lile naongeza gogo, naongeza gogo. Ndugu zangu wanafikiri nimepewa kazi nyepesi. Hawajui ninachokiona mle ndani.

Mama, tuseme wazi, maana wewe ndiye pekee unayejua. Niliwasha kabla yako. Nilijua mila ya boma: mama mkwe ndiye huanza shamba, awe anachoma, awe anapanda, na mke wa mwana akimtangulia, chira, laana ya kuvunja mila, itamla mume wake au mtoto wake. Nililelewa huku, hatuna hiyo, na nilikuwa naona ni maneno tu. Austine alikuwa arudi kazini Remba Jumatatu, nikataka aniache na shamba safi. Wewe ulikuwa sokoni. Saa nne asubuhi hapakuwa na upepo kabisa. Nikawasha kipande changu, nikamwachia Austine aangalie, nikaenda mtoni kufua na kuteka maji, Valary mgongoni. Niliporudi bonde lote lilikuwa jeusi.

Halafu ukasimama mbele ya watu ukasema, "Moto ni wangu. Mimi ndiye niliyewasha." Nilitaka kukushika miguu. Ulijitwisha kosa langu ili nisiitwe muuaji. Kila siku nakushukuru, na kila siku nashindwa kufikiria nitakutazamaje usoni. Ndiyo sababu niko huku.

Na moshi wa kisiki si Austine. Mzizi wa mgunga hushika moto chini ya ardhi na huweza kuwaka miezi. Kwenye mabanda yetu tunaona hivyo. Mwambie Levis achimbe, amwage maji mengi.

Mkazamwana wako,
Robi


Lambwe
2 Novemba 2025

Nyar Kuria,

Salamu nyingi. Mafuta ya kijani nimepaka, goti limekasirika zaidi. Mambo mengine ni mazuri, mvua fupi zimeanza na Gwassi imeonekana tena.

Levis alikataa kuchimba. Nilichimba mwenyewe, kidogo kidogo, siku tatu. Ulisema kweli. Chini ya mkono mmoja na nusu nilikuta mzizi mwekundu kabisa ndani, unapumua. Juu ya ardhi mvua ilikuwa imeshanyesha mara mbili, na chini moto ule ulikuwa unaendelea na shughuli zake. Nikamwaga ndoo nne. Ulipiga kelele kama mtu, kisha ukanyamaza.

Nilirudi nyumbani nikalia kuliko siku ya mazishi. Ni upuuzi, najua. Lakini nilikuwa nimeuzoea ule moshi.

Mambo ya kunishukuru tuyaache, tafadhali. Usiniandikie tena hayo. Siyataki. Niandikie habari za mtoto, niandikie mzee Nyamhanga amekataa kula nini wiki hii.

Mama yako,
Teresa


Kegonga
23 Novemba 2025

Mama,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mzee Nyamhanga wiki hii amekataa kabichi, anasema ni chakula cha sungura.

Nimepata shughuli. Kuna dada anaitwa Liz, amekuja kuchunguza moshi unaoziba anga la Migori na Homa Bay. Anataka watu wa kila kata wawe wanaandika: wapi kumewaka, saa ngapi, kimewaka nini, nani aliwasha, kwa nini. Fomu ina mistari mitano. Nimekubali, kwa sababu banda la tumbaku limeshafungwa na nikikaa bila kazi kichwa kinaanza.

Mama, ungeona ninavyofukuzwa. Wote wanakubali mistari mitatu ya kwanza. Nikifika kwenye "nani aliwasha" kila mtu anaonyesha kidole kwa jirani. Mchoma makaa ananiambia, "Dada, mimi yangu ni ya kushikisha maisha tu, we andika wale wa tumbaku." Wa tumbaku wananiambia niende kwa wa miwa. Nilianza nyumbani kwetu ili nisionekane mwoga. Nikaandika: Nyamhanga, magogo ya mabanda mawili, siku sita, mara kumi na moja. Baba akaisoma, akaninunia mpaka jioni. Kesho yake akaniambia, "Umesahau vitalu." Ni kweli, kabla ya kusia mbegu za tumbaku tunachoma matawi juu ya kitalu ili magugu yafe. Nikaongeza.

Liz anasema hakuna moshi mmoja mkubwa. Ni mioto midogo elfu, kila mmoja una sababu yake nzuri, na wakati wa kiangazi upepo unaikusanya pamoja na kuilaza juu yetu. Tena kuna mwingine unatoka mbali kaskazini, nchi za watu, na vumbi lake.

Najua umesema nisikushukuru. Nimejaribu nimeshindwa. Kila nikiandika jina la mtu aliyekana moshi wake nakukumbuka wewe, uliyekubali usio wako.

Mkazamwana wako,
Robi


Lambwe
28 Desemba 2025

Mama Valary,

Heri ya mwaka unaokuja. Valary amekua? Niambie urefu wake, mpime kwenye mlango. Mwili wangu unakwenda, namshukuru Mungu.

Kiangazi kimerudi na anga limeanza tena kuwa na rangi ya maziwa machafu. Na mimi naona tena ule moshi wa kisiki. Saa sita, upepo ukianza. Mzizi niliuzima kwa mikono yangu, nikatoa mpaka majivu. Nilimwita Levis, akasimama nami pale, akasema, "Mama, hapa hakuna kitu. Kuna shimo tu." Mimi ninauona. Nilipelekwa kupimwa macho, wakasema ni mazuri kwa umri wangu.

Simwogopi mwanangu. Ila angesema tu anachotaka kusema.

Mwezi wa tatu tunapanda. Wewe na Valary ndio niliobakiwa nao wa Austine, na kipande chenu kiko vile vile. Njoo upande. Nikianza mimi, wewe utafuata, itakuwa sawa sawa.

Na kile kitabu chako cha moshi, nakusihi, usiandike ya Lambwe. Ya Kegonga yanatosha.

Mama yako,
Teresa


Kegonga
25 Januari 2026

Mama,

Salamu kutoka kwa wote. Valary amefika kwenye kitasa cha mlango. Mimi nimekonda kidogo lakini siumwi.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa Liz, sokoni. Ana picha kwenye kompyuta zinazopigwa kutoka angani kila siku. Mahali penye moto panatokea nukta nyekundu, na saa imeandikwa. Leo alikuwa ananionyesha jinsi ya kulinganisha nukta na fomu zangu. Nikamwomba arudi nyuma, Lambwe, Alhamisi tarehe ishirini na moja Agosti. Sijui kwa nini nilimwomba. Nadhani nilitaka kuona nilichofanya, hata kwa umbali huo.

Mama, nukta ni mbili. Zote za saa saba na dakika arobaini mchana. Moja ni hafifu, iko kwenye kipande changu, karibu na korongo. Nyingine iko juu, upande wa upepo, na ni kubwa, imekolea. Nilimwambia Liz mashine imekosea, moto ulikuwa mmoja. Akaniambia, "Hapana, hii mioto iliwashwa mahali pawili. Hii ndogo ni kama ilikuwa inazimwa."

Huko juu ni shamba lako, Mama. Na ulikuwa sokoni.

Nukta ya pili ni ya nani?

Mkazamwana wako,
Robi


Kegonga
15 Februari 2026

Mama,

Natumai u mzima. Sijapata jibu. Mellen anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani ukafunga mlango. Anasema amepita tena mara mbili, na mara zote ulimwambia huna cha kutuma.

Mimi nangoja tu. Huku moshi ni mwingi, tunawasha taa saa kumi.

Robi


Lambwe
1 Machi 2026

Mama Valary, binti yangu, Nyar Kuria,

Nakusalimu, ingawa sijui kama utaipokea salamu yangu ukimaliza kusoma.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa natafuta uongo mzuri. Nimeutafuta wiki tano, sikuupata.

Nukta ya pili ni yangu.

Siku ile nilitoka sokoni mapema. Nilipofika pale juu karibu na kanisa niliona moshi upande wako. Niliujua mara moja: mweupe, mzito, wa nyasi ambazo hazijakauka. Nikajua umenitangulia. Sikukasirika, nakuapia. Niliogopa. Wewe hujui, sikuwahi kumwambia Austine wala Levis: baba yao alipokufa nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na mwaka ule nilikuwa nimepanda mtama kabla ya mama mkwe wangu kuanza. Nilikuwa na haraka, kama wewe. Watu wakasema ni chira, ni mimi niliyemla. Kanisani wananiambia hakuna kitu kama hicho, na mimi nasema amina. Lakini kwa miaka thelathini, nikipita, najua kuna anayenitazama na kusema moyoni, yule ndiye aliyetangulia.

Nikasema haitampata mwanangu. Na wewe hutaishi nilivyoishi mimi. Nilichofikiria ni kimoja tu: moshi wangu uonekane, ili watu waseme mama ameanza, mkazamwana amefuata. Nilitupa kikapu njiani. Nilikimbia na goti hili hili. Nikaingia shambani kwangu, nikawasha.

Ilikuwa imepita saa saba. Upepo wa ziwa ulikuwa umeshaanza. Hata Valary anajua huwashi nyasi upepo wa ziwa ukishaanza. Nilijua, nikawasha.

Sikujua yuko korongoni. Nilikwenda kuangalia baadaye, watu walipotawanyika. Moto wako alikuwa ameuzima karibu wote, Robi. Matawi aliyokuwa akiupigia yalikuwa hapo, bado yana majani mabichi. Uliomchukua ulitoka juu, ukamjia kwa nyuma. Ulitoka kwangu.

Nilimsikia akiita. Aliita "Mama!" mara mbili. Nilidhani ameona moto wangu na ananitania, vile alivyokuwa akinitania, kwamba mama naye leo ameamka. Nikamwitikia. Nilimpungia mkono kwenye moshi. Sasa unajua kwa nini nakaa pale kwenye kisiki, na ninachongoja aseme.

Niliposimama mbele ya watu nikasema moto ni wangu, nilisema kweli tupu. Ni wewe uliyeigeuza ikawa wema. Uliniangalia kama mtu aliyetolewa majini, nami nikanyamaza. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa kilio. Ya pili kwa aibu. Baada ya hapo barua zako zikaanza kuja, zikinishukuru, na hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayenipenda namna ile. Nilizisoma mpaka karatasi zikachanika kwenye mikunjo. Nilikuacha ukae mbele ya moto wa baba yako ukijiona muuaji, ili mimi niendelee kuzisoma.

Boma zima linaningoja. Wengine wameshafyeka, wananiuliza nitachoma lini ili nao waanze. Sitawasha. Siwezi hata kuchukua kiberiti, jikoni ananiwashia mke wa Levis.

Jaza fomu yako. Mahali, Lambwe. Saa, saba na kitu. Kilichowaka, nyasi. Aliyewasha, Teresa Adhiambo. Kwa nini, hofu.

Mama yako, kama bado,
Teresa


Kegonga
11 Machi 2026

Mama,

Salamu. Valary ni mzima.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye banda la tumbaku, ambalo sasa ni tupu. Niliketi chini. Baba alikuja akaniuliza kuna msiba gani tena, nikamwambia ni ule ule.

Nimeyageuza kila upande. Nisingewasha kwanza, wewe usingekimbia. Wewe usingekimbia, Austine angemaliza kuzima, angerudi nyumbani akiwa mweusi uso mzima, akaanza kudai chakula. Moto ule ni wetu wawili, na hatutaupata mpaka wake, hata Liz na picha zake. Kwa hilo nakusamehe, nawe unisamehe. Nasema hivyo na ninalia, lakini nasema.

Lingine ndilo gumu. Miezi saba, Mama. Nilikuwa nanawa mikono nikisikia harufu. Nilikuwa siwezi kumbeba mtoto wangu nikitoka kwenye tundu la moto, namwambia ngoja, Mama ni mchafu. Alianza kwenda kwa nyanya yake wa huku badala ya kuja kwangu. Wewe ulikuwa na neno moja la kuniondoa pale, na kila Mellen alipopita ulimpa omena. Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Na katikati ya hasira hiyo nakuona umempungia mkono kwenye moshi, nashindwa hata kukasirika vizuri.

Fomu nimejaza. Kwenye "nani aliwasha" nimeandika majina mawili. Kwenye "kwa nini" nimeandika: mmoja haraka, mmoja hofu. Liz alisoma, akaiweka pamoja na fomu nyingine.

Usichome shamba. Fyeka, laza nyasi katikati ya mistari, panda hivyo hivyo. Mvua itazioza. Anza wewe ili wengine wapate kuanza, wasikae na njaa kwa sababu yetu.

Na usiniandikie tena mpaka mimi niandike. Nataka kwanza nijue nikiwa sikushukuru na sijihukumu, nakuwa nani kwako.

Robi


Lambwe
29 Machi 2026

Mama Valary,

Nakusalimu, na naomba radhi. Uliniambia nisiandike. Nilishika neno lako wiki mbili na nusu, lakini leo asubuhi Mellen amefika hapa, akaketi kwenye kigoda uani kama mgeni wa kuposa, akaniambia, "Mama, si uandike tu. Mimi leo sina haraka." Mellen hajawahi kukosa haraka tangu nimjue. Nami nikashawishika.

Nimepanda. Nilifanya kama ulivyoniambia, nilifyeka, nikalaza nyasi kwenye mistari. Wanawake wa boma walisimama mpakani wakicheka, wanasema Mama Teresa analimia kitandani. Halafu nilipotoa mbegu na kufukia ya kwanza waliacha kucheka, na kesho yake wote walianza. Watatu hawakuchoma. Wengine walichoma, lakini asubuhi, wakiwa wengi, na ndoo. Gwassi leo inaonekana nusu.

Barazani chifu aliuliza tena habari za moshi. Nilisimama. Nilisema moto wa Agosti ulikuwa wangu na nilieleza kwa nini niliwasha upepo ukivuma. Nilisema yote, pamoja na ya mtama wa zamani. Lako sikulitaja, hilo ni lako kulisema au kuliacha. Watu walitoka bila kuniaga. Siku ya tatu mke wa Onsongo, yule wa dukani, alikuja akakaa nami tukachambua maharage mpaka yakaisha. Halafu akaniambia moto ule mwingine wa mwaka jana, uliochoma ghala la kanisa, ulikuwa wake.

Kipande chako sijakigusa. Mbegu zako nimeziweka kwenye chungu, mlangoni kwako, na kamba nimeifungua ili kusiwe na cha kumzuia mtu. Mimi nimeshaanza, kwa hiyo siku yoyote, saa yoyote, ukifika unaweza kupanda. Usipofika mwaka huu, chungu kina mfuniko.

Kisiki bado nakwenda. Moshi bado nauona, siku moja moja. Nimeacha kumwita Levis aje atazame, maana najua atakachosema. Nikiuona namwambia Austine kwamba sasa wewe, Robi, unajua, na kwamba una haki ya hasira yako. Hajibu. Lakini nakaa pale kwa muda mfupi kuliko zamani.

Mellen amenyanyuka, anatembea tembea uani. Namwambia nakaribia kumaliza, ananiambia pole pole, Mama, pole pole. Gari lililomleta limeondoka, na naona hakushusha gunia hata moja.

Nilitaka kukuuliza kama Valary bado anapenda

Robi, niko mlangoni, naandika nikiwa nimesimama. Kuna moshi upande wa nyumba yako. Si wa korongoni, ni wa jikoni kwako. Ni mweupe na mzito, unatokea mlangoni badala ya kwenye paa, kama wa mtu asiyejua kungoja kuni zikauke. Nimefumba macho na kuyafumbua, na bado upo.

Nimemgeukia Mellen. Yeye naye anautazama.